Mate Nyuma ya Stempu

Bwana Shauri aliponiambia, "Lete bahasha ya mama yako, mimi nitatoa stempu polepole, yeye hataona kitu," nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nimesimama barazani kwake pale Sumbawanga, kofia mkononi, upepo wa Juni unagonga mabati, nikasema, "Ndiyo, bwana." Nimesema ndiyo nyingi za kijinga maishani mwangu. Nyingine zote zilikwisha njiani, ile moja bado inatembea.

Nilikuwa karani wa boma. Nilikuwa nimesoma hadi sekondari, jambo ambalo katika Ufipa ya wakati wa Mwingereza lilitosha kukufanya uvae soksi ndefu na uitwe "mwalimu" hata kama hukuwahi kushika chaki. Bwana Shauri alikuwa kijana wa Kiingereza, msaidizi wa DC, anayesikiliza kesi za mipaka ya mashamba na wake waliokimbia. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, na alipokasirika kilimwishia. Hakuwa mtu mbaya, na naliandika hili mapema ili asije mtu akadhani namtupia yeye mzigo wangu.

Alikusanya stempu. Bahasha zote zilizoingia bomani kutoka nje zilipitia mikononi mwangu, naye akaniomba nimwekee zile zilizotumika. Kisha akaanza kunifundisha. Unakata kona ya bahasha, unaiacha stempu na kipande cha karatasi nyuma yake. Unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu. Unasubiri mpaka iachie yenyewe. Ukivuta, umeiua. Ikiachia unaishika kwa kibano, unailaza kifudifudi kwenye karatasi ya kukaushia wino, na juu yake unaweka kitabu kizito. Alikuwa na kitabu cha sheria ambacho sikuwahi kuona akikitumia kwa kazi nyingine.

Mtu ambaye hajawahi kukusanya stempu ataona ni mchezo wa watoto, lakini mimi zilinikamata. Nilikuwa sijaona bahari wala treni. Nchi yetu ya juu ni majani na upepo na anga, unaweza kutembea toka asubuhi bila kukutana na mti wa kukukinga jua. Na pale barazani, kwenye kipande cha karatasi kisichozidi ukucha wa dole gumba, nilikuwa naona meli, madaraja, wafalme wenye ndevu. Nilianza kuwa na zangu kwenye kopo la sigara. Jioni, baada ya kazi, Bwana Shauri aliniita tukae, yeye kitini, mimi kwenye ngazi, tunapanga. Wenzangu wa bomani waliniita "shemeji yake Bwana Shauri". Nilijifanya nakasirika.

Yeye alipenda hasa stempu za michezo. Siku moja alinifungulia ukurasa ambao juu yake alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri jina la mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi yaliyofanyika Italia. Stempu zilikuwa nne. Tatu zilikuwa zimeshakaa, na mahali pa nne palikuwa na mstari wa penseli tu, kama kaburi lililopimwa.

"Hapa panakosa mlima wa kuruka," akasema. "Watu wanafunga mbao kwenye miguu. Wanateremka mlima wa theluji, kisha wanaruka. Kama ndege."

"Kwa kusudi, bwana?"

"Kwa kusudi kabisa."

"Na wakivunjika?"

"Wanatibiwa. Mwaka mwingine wanarudi."

Tulicheka wote wawili. Nami nikasema, maana nilitaka kumpendeza, "Hiyo ya nne naijua, bwana. Ipo kwa mama yangu."

Hapo sina budi kueleza habari za kaka yangu.

Alikuwa mkubwa wangu kwa mimba moja. Tulilala ngozi moja, tukachapwa kwa fimbo moja, ila yeye alikuwa na kichwa cha Kilatini, mimi nilikuwa na kichwa cha hesabu. Misheni ilimchukua seminari, na alipofaulu kupita wenzake wote ikaamua kumpeleka Italia akamalizie upadri huko. Kijijini kwetu, upande wa Mpui, hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa hiari yake. Waliokwenda mbali walikuwa askari.

Siku ya kuondoka lori la misheni lilisimama njiani likinguruma. Mama alimwita kaka, akamwambia afungue viganja. Kwetu, mzazi akikubariki unapokwenda safari anakutemea mate kidogo viganjani, nawe unajipaka usoni na kifuani. Si jambo la kelele. Linafanywa haraka, kama mtu anavyomfunga mtoto kifungo cha shati. Mama alitema, kaka akajipaka, mbele ya padri mzungu aliyekuwa ameangalia pembeni kwa adabu. Kisha mama akasema, "Sasa na wewe niachie." Kaka akacheka, akasema, "Mama, mtoto hambariki mzazi." Akapanda lori. Tangu hapo mama alisema maneno haya kila mara: mwana amekwenda na mate yangu, mimi sina yake.

Barua za kaka zilikuja ndani ya bunda la misheni, zikiwa hazina stempu, na padri alizileta mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa nimemwandikia kwamba siku hizi nakusanya stempu, na nimesikia kwao kuna mashindano ya kuchezea theluji. Basi moja, moja tu, aliituma kwa posta, kwa jina langu, bomani Sumbawanga. Nilipoipokea sikuifungua ofisini. Niliitia kifuani, Jumamosi nikapanda baiskeli mpaka nyumbani, na nikaisomea pale jikoni, mama akipepeta ulezi.

Mwishoni kaka alikuwa ameandika: bahasha hii ataifunga mkubwa wetu wa seminari, maana hapa barua zote husomwa kwanza, lakini stempu nimeibandika mwenyewe, nimeilamba kwa ulimi wangu, gundi yake ina utamu kidogo. Stempu ni ya mdogo wangu. Barua ni ya mama.

Mama aliacha kupepeta. "Ameilamba?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ulimi wake?"

"Sasa mama, kwa ulimi wa nani tena?"

Alijifuta unga mikononi, akaichukua bahasha. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia kwa moshi wa miaka mingi, hakuona picha vizuri. Alipitisha dole gumba juu ya stempu, akayahesabu yale meno ya pembeni kwa ukucha.

"Kuna nini hapa?"

"Mlima, mama. Mweupe. Watu wanauteremkia kwa mbao." Kifipa hakina neno la theluji, nami Kiswahili cha shule kisingemsaidia. Nikamwambia ni kama ule umande unaoganda mabondeni mwezi wa saba na kuunguza maharage, ila huko unajaa mpaka kiunoni.

"Ule umande wa kuua maharage," akasema, "ndio wanauchezea? Hao hawalimi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikanyoosha mkono nikamwambia kaka amesema stempu ni yangu. Mama aliikunja bahasha ndani ya kipande cha kaniki.

"Ukitaka nyingine mwandikie atume. Hii ina mate."

Na kwa kweli ningeweza kumwandikia. Jambo hilo nimelizungusha kichwani kuliko jingine lolote. Karatasi ilikuwapo, wino ulikuwapo, kaka alikuwa hai.

Jibu la barua ile mama hakutaka nilipeleke mimi. Alishuka nalo mjini, kwa miguu, na watu wa Mpui waliokuwa wanapeleka maharage kwa wenye maduka. Posta ilikuwa dirisha moja tu, na karani wake alikuwa mtu wa Tabora, mpole ila mwepesi wa mdomo. Alimpa mama stempu yenye sura ya Malkia na twiga, akamsogezea sponji iliyoloa.

"Bandika hapo, mama."

"Hii ya nini?"

"Ya kulowesha. Usijisumbue kulamba."

"Sponji hii ndiyo iliyomzaa?"

Watu waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Mama akatoa ulimi, akailamba stempu yote, nyuma na mbele, Malkia na twiga wake, akakunja uso. "Chungu!"

"Ni gundi, mama yangu," karani akasema, naye anacheka. "Sasa umemla Malkia, tutamwambia nini Bwana DC?"

"Mwambie mwanangu anataka kuonja mate ya nyumbani."

Alipotoka dirishani alikuwa ametulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu lori liondoke. Nilikuwapo. Niliona kwa macho yangu kile kitu kina kazi gani kwake. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Lakini Bwana Shauri alikuwa anakwenda likizo kwao, na alitaka aende na ukurasa uliojaa. Aliniambia nikimletea ile ya nne, atanipa kitabu chake cha zamani cha kuhifadhia stempu, chenye jalada gumu na kurasa za madirisha, na zote zilizozidi. Alisema pia, "Wewe si karani tu. Wewe ni mkusanyaji kama mimi." Kitabu nilikitaka. Ila ni lile neno, kama mimi, ndilo lililonibeba. Nikasema ndiyo, bwana.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama anaanika maharage. Nilimwambia nataka kunakili anwani ya kaka vizuri kwenye daftari la ofisi. Kaniki ilikuwa ndani ya kikapu kidogo, juu ya kichanja cha moto. Alikishusha mwenyewe.

"Utairudisha lini?"

"Nikija tena."

"Usiitie kwenye jasho."

"Sawa, mama."

"Na usimpe mtu. Mate ya mtu hayapewi mtu. Mji wenyewe unaujua unavyoitwa."

Alimaanisha jina la Sumbawanga, ambalo kwa Kifipa linamwambia anayeingia autupe uchawi wake nje. Watu wetu huogopa kuacha mate, nywele au ukucha mahali ambapo adui ataokota. Nilimjibu kwa kicheko cha mtu aliyesoma: "Mama, Mzungu ataroga nini kwa stempu?" Sikusikia kwamba kwa kumtaja Mzungu nimejifichua. Naye hakusikia, au alinionea haya. Alisema tu, "Haya, baba, nenda, jua linakwenda."

Tuliifanya kazi ile barazani, mchana, waziwazi. Bakuli la bati, maji ya uvuguvugu aliyoyajaribu kwa kiwiko kama mwanamke anayeogesha mtoto. Bwana Shauri alikata kipande cha karatasi nyuma ya stempu kwa wembe, kutokea ndani ya bahasha, ili bahasha isiharibike mbele. Akaitumbukiza. Mlima mweupe ukakaa juu ya maji, ukaanza kujikunja.

"Subiri," akasema. "Usivute."

Sikuvuta. Nilikuwa naangalia maji. Kabla stempu haijaachia, yaliingia ukungu kidogo, ukungu hafifu kama wa maji yaliyosuuza kikombe cha maziwa. Ilikuwa gundi. Kila siku nilikuwa naiona na kila siku niliijua ni gundi. Siku ile tu nilijua kuna nini kingine ndani yake, na mikono yangu ikabaki magotini.

Stempu ikaachia. Bwana Shauri akaitoa kwa kibano, akaiinua kwenye mwanga, akatabasamu kama mvulana. Akachukua bakuli, akamwaga maji kwenye maua yake yaliyokuwa chini ya ngazi.

Kisha akarekebisha bahasha. Alikuwa na stempu ya ziada kati ya zile tatu, ile ya uwanja wa barafu, mpya, haijatumika. Tuliziba tundu kwa kipande cha karatasi, akanipa ile stempu mkononi. "Hii ina gundi yake bado. Lamba tu."

Nikailamba. Kaka alisema kweli, ilikuwa na utamu kidogo. Nikaibandika, nikaikandamiza kwa kiganja. Kisha mimi mwenyewe, bila kuambiwa, nilikwenda ofisini nikachukua wino wa mihuri, nikaiendeleza duara ya muhuri wa Italia juu ya stempu mpya kwa mdomo wa kalamu. Nilikuwa na mkono mzuri. Ilipendeza.

Niliporudisha bahasha, mama aliipapasa katika moshi wa jikoni, dole gumba likaenda moja kwa moja pale pale. Likakaa.

"Imelainika."

"Labda jasho, mama. Baiskeli."

"Nilikwambia," akasema, wala hakukasirika. Aliikunja, akairudisha kwenye kikapu.

Bwana Shauri aliondoka kwenda likizo, na aliporudi Tanganyika alipelekwa jimbo jingine. Sikumwona tena. Nilikaa na kitabu changu. Nilikipanga mara moja, nikakifunga. Kila nilipotaka kukifungua nilikuwa nasikia dole gumba la mama likipita juu ya karatasi. Nilikiacha kwenye kabati la ofisi, na sijui nani alikichukua.

Mvua zilizofuata, barua za misheni zikaanza kusema kaka ana kifua. Kisha zikasema amehamishiwa hospitali ya milimani, ambako hewa ni nzuri. Mama aliniuliza milima gani. Nikasema ile ile yenye umande. Akasema, "Wamwondoe huko." Nikasema nitaandika. Niliandika. Jibu lilikuja na padri mwenyewe, kwa pikipiki, tukiwa shambani tunarundika majani na kuyafukia kwa udongo, yale matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba. Mama alipoona padri amevua kofia kabla hajafika, alikaa chini palepale juu ya tuta.

Padri alisema kaka alikufa vizuri, amepakwa mafuta, na amezikwa huko na wenzake wakiimba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu, nami nikalitafsiri: "Wamemzika ndani ya ule umande?" Padri hakuelewa. Nilimwambia anauliza kama kulikuwa na theluji. Padri akasema ndiyo, ilibidi waifukue kwanza. Sikulitafsiri hilo.

Baba yetu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo msiba uliongozwa na baba mkubwa, ndugu yake. Alikuwa mzee wa maneno machache na kikohozi kirefu. Siku ya pili aliwakusanya ndugu nje ya nyumba, akasema kwamba mtu aliyelala ugenini hawezi kuachwa hivi hivi. Misa ya padri ni sawa, haikatazwi, lakini kwetu lazima kitu cha mwili wake kirudi kwenye udongo wake. La sivyo matanga hayawezi kuondolewa, mama yake hawezi kunyoa, na yeye mwenyewe atakuwa anazunguka nje ya nyumba asijue mlango uko wapi.

"Kuna nywele zake?" akauliza.

Hakuna.

"Kuna shati alilolivaa likabaki na jasho?"

Mashati yake yote yalikuwa yamevaliwa na mimi, yakafuliwa, yakachakaa.

Shangazi mmoja akasema, "Uzikwe mgomba badala yake, kama wanavyofanya watu wengine." Baba mkubwa akamwangalia. "Mgomba una mama hapa?"

Ndipo mama akasema, "Mate yake ninayo."

Akainuka. Siku mbili zile hakuwa ameinuka bila kushikwa. Aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo, akapiga magoti mbele ya baba mkubwa, akapiga makofi ya heshima yale ya taratibu, akafungua kaniki. Watu walisogea. Akaeleza mambo yote, lori, viganja, jinsi mwana alivyokataa kumwachia mate na jinsi baadaye alivyoyatuma kwa posta, kutoka huko kote, nyuma ya kipande hiki. Wanawake wakaanza kulia kwa sauti, na kilio kile kilikuwa na shukrani ndani yake. Yule aliyepotea amepatikana.

Baba mkubwa aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Aliigeuza. Hakujua kusoma. Akanitafuta kwa macho.

"Wewe ndiye mwenye shule. Iangalie. Hii ndiyo?"

Mama naye aligeuza uso upande wangu, ingawa sijui aliona nini zaidi ya kivuli. "Mwambie, baba," akasema. "Mwambie ule mlima."

Stempu ilikuwa ya uwanja wa barafu. Haikuwa na mlima wa kuruka. Nilishika bahasha, nikaona duara ya wino niliyoichora mwenyewe, na nikaona kwa uwazi mkubwa mambo mawili ambayo ningeweza kufanya. Ningeweza kusema. Au, kama nisingekuwa na kifua cha kusema, ningeweza angalau kuomba ruhusa, nikapanda baiskeli mpaka Sumbawanga, nikachota udongo chini ya ile ngazi, penye maua, nikaurudisha mfukoni na kuutia kaburini bila mtu kujua. Mvua zilikuwa zimeshapita juu yake, najua. Lakini kama kaka yangu alikuwa mahali popote Ufipa siku ile, alikuwa pale.

Nikasema, "Ndiyo, baba mkubwa. Ndiyo yenyewe."

Lilichimbwa kaburi dogo nyuma ya nyumba, la kutosha chungu. Mama aliiweka bahasha ndani ya chungu, na kaniki yake, akakifukia kwa mikono. Padri aliyekuja baadaye alilibariki bila kuuliza. Matanga yakaondolewa. Mama akanyoa.

Mimi nilijifunza shuleni kwamba mate ni maji na kwamba hayakumbuki mtu. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi na ni ya kweli, na hayajawahi kunisaidia. Nilikuwa nimelamba stempu ile mimi. Kwa hesabu ya mama yangu na ya baba mkubwa, hesabu ambayo pale nyumbani ndiyo iliyokuwa inatumika, aliyewekwa kwenye chungu kile ni mimi, na aliyebaki nje ni kaka. Mama alifagia pale kila asubuhi. Alipanda maua ya njano pembeni. Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta ameinama, anaongea chini, anamwambia kaka habari za mvua, za bei ya ulezi, za mtoto wangu aliyeota meno. Akinisikia nimefika husema, "Huyu hapa mdogo wako amekuja, yule aliyenisomea barua yako." Nami nasimama pale, naambiwa habari zangu mara mbili, juu na chini.

Mara kadhaa nilifika na nia ya kusema. Nilikuwa naanza, "Mama, ile bahasha," naye anadakia, "Mungu akubariki, baba, bila wewe ningeijuaje." Baada ya hapo sina mahali pa kutia neno. Wengine wataona nilimhurumia. Sikumhurumia. Niliogopa uso wake. Na kila mwaka uliopita ulifanya jambo lenyewe kuwa kubwa zaidi, mpaka likanizidi kimo.

Aliishi akaona bendera ya Mwingereza inashushwa. Hakujali sana. Aliniuliza kama sasa posta itabadilisha stempu, nikasema ndiyo, watamtoa Malkia. Akasema, "Maskini, na nilimlamba." Tukacheka, na nilifikiri labda sasa, lakini sikusema.

Alipolala kwa mara ya mwisho nilikuwa karibu naye, asubuhi, ameegemezwa mlangoni apate jua. Sauti ilikuwa imekwisha. Aliniashiria nifungue viganja. Nilikuwa na watoto wakubwa na mvi kidogo, na sikuwa nimebarikiwa naye tangu ujana, kwa sababu mara chache nilizosafiri mbali niliondoka bila kumuaga. Nilimtazama anavyokusanya mate kwenye mdomo mkavu. Ilimchukua muda. Nilijua anataka kumbariki mwana ambaye anamjua, na mwana huyo hakuwapo pale mlangoni. Nikakunja viganja, nikaviweka chini ya blanketi lake, nikasema, "Pumzika, mama, tutafanya kesho." Alinitazama, akameza. Alikufa kabla ya mchana. Tulimzika nyuma ya nyumba, ubavuni pa chungu, kama alivyotaka.

Kaka yangu hana kaburi nyumbani mpaka leo, na baada yangu hakuna atakayejua kwamba hana. Mama yangu amelala kando ya mate yangu akidhani ni ya mwanawe mwingine. Na baraka yake, ambayo aliitafuta mdomoni kwa nguvu yake ya mwisho ili anipe, niliikataa, nayo haipatikani tena popote. Hivyo ndivyo stempu ile ya nne ilivyonigharimu.